Mke Mwenza wa Kwenye Miamba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi viatu wa barabara ya sokoni, yule tuliyemwita Mzee Kupwa. Mzee Kupwa ametutoka wiki hii.

Jina hilo alilipata kwa haki. Maji ya bahari yakipwa, duka linafungwa. Kiatu chako kitabaki mezani kinywa wazi, soli huku, gundi kule, na fundi yuko miambani, kalala kifudifudi, anachungulia vidimbwi. Alitazama kaa, viti vya pwani vile vya umbo la nyota, jongoo bahari. Hakuvua. Alitazama tu, na kila jiwe aliloligeuza alilirudisha lilivyokuwa.

Mjane wake, mpishi wa shule, alikuwa na wivu. Narudia, wivu hasa, na mwenyewe hafichi. "Anarudi kalowa mpaka kifuani, anacheka peke yake," aliniambia. "Nikasema, hapa pana mtu."

Siku moja akamfuata. Akajibanza nyuma ya mwamba, akamsikia mumewe akisema kwa sauti laini, "Hujambo, bibie? Leo umependeza." Mama akachomoka, mikono kiunoni. Hakukuta mtu. Alikuta kidimbwi, na ndani yake pweza.

"Afadhali angekuwa mwanamke," mama alisema. "Mwanamke ningemvuta nywele. Pweza utamshika wapi?"

Basi alimshika. Maji yalipokupwa tena, mzee kabanwa dukani na mteja mbishi, mama akamzoa pweza kwa ndoo. Akamtia kwenye beseni jikoni, maji ya bomba na chumvi ya kupikia. "Nilitaka mume akae nyumbani. Akitaka kumtazama, amtazame na mimi nipo."

Mzee alimkuta pweza amepauka. Hakugomba. Alibeba beseni mbio hadi miambani, mama nyuma yake. Pweza alijikokota, akaingia shimoni mwake. Ndipo mzee akasema, "Mke wangu, pweza haishi miaka mingi. Hapa nimeshabadilisha wengi. Wewe sijakubadilisha."

"Niliyeyuka," anasema mama. "Wivu haukuisha, lakini niliyeyuka."

Mimi mtangazaji wenu nina mume. Yeye hutazama mpira. Niliposikia maneno hayo wivu ulinishika na mimi, nisiwafiche.

Ugonjwa ulipomlaza, mzee aliomba jambo moja: azikwe kwenye mteremko unaotazama miamba. Mama akakataa. Alitaka kaburi liwe ng'ambo ya kilima, bahari isionekane kabisa. Watoto wakasihi, mama akashikilia lake. Asubuhi ya maziko, akakubali.

Kwako mama, na kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Na sisi tuliobaki tujiulize, wasikilizaji wapendwa: wa nyumbani kwetu, mara ya mwisho tulimtazama vizuri lini?

Nilimuuliza mama ni nini kilichombadilisha moyo. Akasema hajabadilika hata kidogo. Ameshawaambia watoto mahali atakapolazwa yeye siku yake ikifika: upande wa chini, kati ya mume na miamba.

"Akitaka kumwona yule," alisema, "atachungulia begani kwangu."