Siku ya Vita, Benchi Liligeuzwa

Kituo cha mafuta cha Kuusijoki kina pampu mbili, duka la Martta, na benchi moja ukingoni mwa barabara. Pampu unaweza kuzing'oa kesho na watu wakazoea. Benchi ukiligusa, umegusa kijiji. Ndicho kijiwe. Limetazama ng'ambo ya barabara, kule uwanja wa majani unakoteremka hadi mtoni, na siku ya mvua ama ya theluji utawakuta wazee watatu wamekaa pale na vikombe vyao, wakibishana kama wamelipwa. Yuko Kalervo, aitwaye Jenerali, kwa sababu jeshini alimenya viazi tangu siku ya kuingia hadi siku ya kutoka. Yuko Tauno, aitwaye Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Na yuko Oiva, aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote, nao wakamwita Maziwa. Kila Julai, Jumamosi moja, uwanja ule hujaa moshi. Vijana wa chama cha historia huvaa makoti ya kijivu ya Wafini na makoti ya kijani ya Warusi, wakapigana upya vita ya mwaka 1808, nchi ilipokuwa bado chini ya mfalme wa Waswidi, na watu huja kutazama na viti vyao vya kukunja na soseji zao.

Siku ya vita Oiva hakuwa mtu wa benchini. Miaka yote alishuka hadi kwenye kamba, mstari wa mbele kabisa, kwa sababu luteni wa Wafini alikuwa mwanawe, Jouni. Lakini Machi iliyopita Jouni alikwenda ziwani na pikipiki yake ya theluji kutoa nyavu chini ya barafu. Barafu iliyowabeba watu majira yote ya baridi, siku hiyo haikumbeba yeye. Wakamtoa jioni, akazikwa nyuma ya kanisa.

Jumamosi hii asubuhi Oiva alikuwa ametoa kiti chake cha kukunja stoo, akakifuta vumbi, kisha akakirudisha. Pale kwenye kamba watu wangempisha. Wangenyamaza. Akavaa kofia, akaja kijiweni.

Akasimama katikati ya barabara, akaangalia.

— Benchi limepatwa na nini?

— Limepatwa na nini vipi? Redio akajibu, haraka mno. Benchi si benchi tu!

— Linatazama pampu.

— Jua, Maziwa. Jua linatuchoma macho.

Oiva akainua uso. Mawingu yalikuwa yametanda tangu juzi, mazito kama blanketi la jeshi.

— Jua lipi?

— Litakalokuja baadaye, akasema Jenerali. Tahadhari kabla ya hatari. Kaa, bwana, kahawa inapoa.

Oiva aliona alama za miguu ya benchi kwenye changarawe, mahali walipoliburuta hawa wazee wawili, mmoja mwenye mgongo mbovu na mwingine mwenye goti la bandia. Akakaa katikati yao, mgongo akaupa uwanja. Martta akatoka dukani na birika, akammiminia, akamwekea na mkate mtamu wa iliki ambao hakuuagiza. Akamgusa bega kidogo, akarudi ndani.

Nyuma yao ngoma zikaanza kulia.

Jenerali akapaza sauti, kana kwamba aliyekuwa akizungumza naye yuko ng'ambo ya mto.

— Haya! Nani ananiambia kwa nini tulishindwa ile vita?

— Sema wewe mmenya viazi! Redio akajibu.

— Mbu! Julai, kando ya mto, unategemea nini? Askari mkono mmoja ameshika bunduki, mkono wa pili anajipiga makofi. Atalengaje?

— Na Warusi mbu hawakuwauma?

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mbu wa hapa walitujua sisi.

— Sasa wewe nawe! Hiyo methali maana yake sisi ndio tungeumwa kidogo!

— Ndiyo hivyo! Walituuma kidogo, hatukufa, tukapata nguvu za kukimbia. Wangetuuma sana tungebaki palepale tukashinda.

— Unatufunga kamba mchana kweupe, Redio akasema, akachovya donge la sukari kwenye kahawa. Nisikilizeni mimi. Ilikuwa lugha. Maofisa wametoka kwa Waswidi, Kifini hawajui hata cha kuombea maji. Ofisa anapiga kelele kwa lugha yake, "Songa mbele!" Vijana wetu wanasikia, "Uji umeiva!" Na sufuria la uji liko wapi? Liko nyuma. Basi wakaenda nyuma, jeshi zima, na vijiko mkononi.

— Hilo nakubali, akasema Jenerali. Asiyesikia la mkuu hula uji.

— Huvunjika guu, bwana!

— Guu akavunjie wapi, amekaa anakula?

Oiva akatabasamu, kwa sababu alijua wanamtafuta tabasamu. Mkate wa Martta ulikuwa mzuri, akautia mfukoni. Nyuma yake alisikia mtu wa kipaza sauti akiwakaribisha wageni, sauti ileile ya kila mwaka, na filimbi, na watu wakikokota viti. Shingo ilimuuma kwa kutogeuka.

Martta akachungulia mlangoni.

— Wazee ovyo nyie! Hapa haikupiganwa vita yoyote. Nyanya yangu alisema vita ilikuwa parokia ya jirani, mchungaji wetu akaiiba.

— Akaiiba vita?

— Akaiandika kwenye vitabu vya kanisa kama yetu. Wao walikuwa na mnara mrefu, sisi hatuna kitu. Akaona bora tupate wafu.

— Toka hapa, Martta! Na zile risasi zinazoibuka shambani tukilima?

— Alikuja kuzipanda mwenyewe, kama viazi.

Mzinga ukalia. Vikombe vikatetemeka, kunguru wakatoka paani kwa Martta wote kwa pamoja. Umati ukapiga yowe la furaha. Jenerali akaona uso wa Oiva umebadilika, akaruka kuziba pengo lile kwa mdomo, kama mtu anayeziba mtumbwi kwa tambara.

— Hamjui kitu! Ilikuwa ng'ombe dume! Dume la mchungaji huyohuyo! Lilisikia mzinga, likakata kamba, likaingia katikati ya jeshi. Yule kanali wa Kiswidi farasi wake ameshakimbia, akaona hapa ni hapa, akalirukia lile dume mgongoni, likambeba mbio, likamtupa mtoni, na manyota yake yote, na wigi lake, anarusha mikono huku na huku, si mnajua tena, mfa maji haachi...

Akanyamaza.

Redio alikuwa ameinua kikombe; kikabaki hewani. Kule bondeni bunduki zilikuwa zikilia kwa mafungu.

— Maziwa, akasema Jenerali. Masikio yake yalikuwa mekundu. Ndugu yangu. Mdomo wangu huu.

— Ni methali tu, Kalervo.

— Nitaukata.

— Usiukate, tutamsikiliza nani? Redio peke yake?

Oiva akaweka kikombe chini, akasimama. Akashika ncha ya benchi.

— Inukeni. Shikeni upande ule.

— Unafanya nini?

— Tunaligeuza.

— Si lazima, akasema Redio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema polepole. Hakuna anayekudai kutazama, Oiva. Hata kidogo.

— Nimekuja kutazama. Pampu naziona siku zote.

Wakalibeba, mgongo mbovu na goti la bandia na baba yake Jouni, wakalirudisha palipokuwa pake. Wakakaa.

Uwanja mzima ulikuwa chini yao. Wafini walikuwa wamepanga mstari mbele ya mto, mwembamba kuliko mwaka jana, na Warusi walikuwa wakitoka msituni, nusu yao wana wa majirani ambao Oiva aliwajua tangu wanabebwa. Karibu na mti wa gome jeupe alisimama luteni na upanga. Alikuwa mpana. Mabega yalikuwa mageni na mwendo ulikuwa mgeni, lakini koti Oiva alilijua: alilifua mwenyewe Aprili, akalipiga pasi, akawapelekea watu wa chama, kwa sababu lilikuwa mali yao.

Wazee wale wawili walijua kinachofuata, na Oiva alijua kwamba wanajua. Watu walikuja Kuusijoki hata kutoka mbali kumwona Jouni akifa. Hakuweza kufa haraka yule mtoto. Akipigwa risasi aliyumba, akapiga goti, akainuka, akampigia saluti mfalme asiyekuwapo, akayumba tena upande wa pili ili na wale wa kule waone. Mwaka jana alichukua muda mrefu mno, na mtu mmoja pale kwenye kamba akapaza sauti, "Kufa basi, chakula kinapoa!" Uwanja mzima ukacheka, Warusi wakacheka, na maiti ya luteni ikacheka hadi tumbo likatikisika. Mtu yule alikuwa Oiva.

Warusi wakalenga. Moshi ukatoka, kisha mlio ukafika. Luteni mpya akaanguka palepale, kama gunia.

— Amekufa haraka, Redio akanong'ona.

— Ndivyo wanavyokufa, akasema Oiva.

Jenerali akatoa leso, akapenga kamasi kwa kelele nyingi, akasema ni baruti.

Hapo ndipo alipotoka dukani mwanamke kijana, kikombe mkononi, nywele fupi, uso umejaa furaha ya mtu aliyekuwa na hofu na sasa hofu imekwisha. Walikuwa wamemwona mara moja mbili tu. Yeye na mumewe walihamia majira ya kuchipua kutoka kusini, nyumba ya zamani ya posta.

— Habari za mchana, wazee. Mimi ni Saija. Naruhusiwa kusimama hapa? Kule kwenye kamba nimeshindwa, moyo ulikuwa unanidunda.

— Kaa, binti, akasema Redio, akasogea.

— Nitasimama tu. Mmemwona luteni? Yule aliyelala pale kwenye mti? Ni wangu yule! Ilkka wangu. Wiki nzima ananiangukia sebuleni, sakafu imepasuka. Nilimwambia asikubali, sisi wageni, hata mwaka hatujamaliza, lakini chama walimwomba sana. Walisema hawana mtu.

— Ameanguka vizuri, akasema Jenerali.

— Kweli? Mimi niliona kama mzigo. Na koti lenyewe limembana, nilihofia mshono wa mgongoni utaachia. Nadhani lilikuwa la mtu mwembamba.

Kule chini Warusi walivuka mstari, wakapandisha bendera yao. Vita ikawa imekwisha kama ilivyokwisha siku zote. Moshi ukapanda taratibu, ukafunua majani yaliyolala na watu waliolala juu yake. Kwa muda kidogo hapakuwa na sauti ila mto.

Kisha tarumbeta likalia, na watu wakaanza kupiga makofi, na wafu wakaanza kuinuka. Mmoja hapa, wawili kule. Wa kijani wakawapa mikono wa kijivu, wakawavuta, wakapigana mabega, wakatafutiana kofia. Oiva alikuwa amezuia pumzi. Macho yake yalikwenda kwa kila aliyelala, mpaka ainuke, kisha kwa mwingine, yenyewe tu, kama macho ya mtu aliyetumwa. Luteni alikuwa wa mwisho. Aliinuka kwa shida, mkono mmoja umeshika mbavu za kulia.

— Binti, akasema Oiva.

— Naam, mzee?

— Mwambie mumeo mwakani aangukie ubavu wa kushoto. Pale kulia pana jiwe. Nyasi zimelifunika, halionekani, lakini linaumiza mbavu mwezi mzima.

— Kumbe! Maskini, ndiyo maana anajishika. Saija akacheka. Lakini wewe umejuaje, mzee, na uko huku juu?

Oiva akatazama mikono yake.

— Jouni aliniambia.

Tangu Machi jina hilo lilikuwa halijatamkwa benchini. Lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa.

— Jouni ni yupi? akauliza Saija.

Akasogea hadi ukingoni mwa barabara, akanyoosha shingo, akaanza kuwatafuta pale bondeni, uso wake bado unacheka.

— Yule mrefu mwenye ngoma? Au yule pale anayetaniana na Warusi? Nionyesheni, nishuke nimshukuru.

Martta alikuwa ametoka na birika, akasimama nalo mlangoni bila kummiminia mtu. Jenerali alimtazama Redio, na Redio alimtazama Jenerali. Bondeni watu wa pande zote mbili walikuwa wakikung'utana majani mgongoni. Oiva akainua kikombe chake, akakuta hamna kitu ndani, akakinywa hivyohivyo.