Waya Uliochelewa: Risala ya Akina Mama wa Transfoma kwa Bwana Wakarima

Mgeni rasmi, Bwana Wakarima, meneja wa ununuzi wa Kampuni ya Redio za Mlio. Mwenyekiti wetu, Mama Ndunge. Mchungaji uliyetuazima ukumbi huu wa kanisa. Majirani wa Kibera na Kawangware: hamjambo.

KARIBU

Karibu sana, Bwana Wakarima. Mwaka huu tumekuandikia barua tano tukikuomba ufike. Leo umefika kutuzindulia bango la ushirikiano. Bango ni zuri, rangi inang'aa, na jina la kampuni yako ni kubwa kuliko letu mara tatu. Asante. Sisi tulikuwa tumeomba waya.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka wa 1991, wanawake tisa, katika chumba kimoja nyuma ya Soko la Toi. Wengi wetu tulikuwa watu wa Bungoma na Busia. Baadaye dada zetu wa Machakos na Kitui wakafungua chumba cha pili, Kawangware. Leo tuko thelathini na wawili. Kazi yetu ni moja: kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye transfoma, kile kidude cha ndani ya redio kinachopunguza nguvu ya stima ili redio isiungue.

Hatuhesabu kwa vidole, tunaimba. Wimbo wetu una beti sita, na kila ubeti ni mizunguko mia moja. Ukiuimba mara nne, upande wa transfoma unaopokea stima umekamilika. Wengine wanauimba kwa Kikamba, wengine kwa Kibukusu, lakini mikono inazunguka sawasawa.

TULIYOYAFANYA

Kwa miaka mitano tumewapa transfoma elfu arobaini. Fundi wenu, Bwana Wesonga, alikuja na mita yake akitucheka, akapima moja moja siku nzima, akaondoka akiuimba wimbo wenyewe. Hilo hamkuliandika kwenye bango.

YANAYOTUCHOSHA

Hapa utuvumilie, mgeni rasmi, maana tumechoka.

Mkataba wetu unasema tununue waya kwenu tu, na tuuze kwenu tu. Mama Ndunge aliuliza tangu mwanzo, "Na waya ukikosekana?" Akaambiwa hauwezi kukosekana. Mwezi wa Julai ukakosekana, na mpaka leo tunavyosimama hapa haujafika. Kila Jumatatu tulipiga simu kutoka kibanda cha Riruta, na karani wenu alijibu yale yale: "Mzigo iko Mombasa, mama. Ngoja tu." Wiki ya tano akabadilisha: "Tafuteni njia, mama. Transfoma lazima zifike Jumamosi, ama mkataba inavunjwa."

Basi tukatafuta njia. Tulinunua mota mbovu kwa wauza vyuma wa Kawangware, tukafumua waya wake, tukaupaka vanishi upya, tukazungusha. Mwenzetu Kaveke alisema waziwazi, "Hii waya imechoka. Itaungua tu." Tulimwambia anyamaze, tuna haraka. Tulikosea, na kosa hilo ni letu. Transfoma mia mbili za waya huo zilitoka kwetu Septemba zikaingia kwenye redio zenu.

Kumi na mbili zikarudi zimeungua. Nanyi, bila kufungua hata moja mtazame ndani, mkatuandikia kwamba tunahesabu vibaya kwa sababu ya kuimba, mkapiga marufuku nyimbo kazini! Jamani! Tulinyamaza wiki mbili. Tulipotea hesabu vibaya sana, huyu amefika mia saba hajui kama ni mia nane, yule anaanza upya huku analia. Wiki ya tatu tukaimba bila ruhusa yenu.

Mwezi uliopita, redio moja yenye transfoma ya waya huo iliwaka moto nyumbani kwa kaka yake Lavender, mwanachama wetu, hapo Riruta Satellite. Pazia liliteketea. Mtoto alitolewa akikohoa moshi, na siku tatu hakuweza kunyonya. Tulikwenda kumwona.

TUNAYOOMBA

Zitafuteni zile mia mbili. Namba za masanduku tumeziandika, nitakukabidhi karatasi nikimaliza kusoma. Watangazieni watu wachomoe redio hizo kwenye stima. Tafadhali usituambie kwamba mtalijadili mkutanoni.

Kuhusu mkataba mpya uliotuletea tutie sahihi: tumeusoma wote, kurasa sita, hata herufi ndogo za chini. Hauna neno hata moja kuhusu waya ukichelewa. Andikeni kwamba usipofika kwa wiki mbili tunaruhusiwa kununua waya mzuri kwingine, na kwamba kuchelewa huko si kosa letu. Bila hivyo hatutii sahihi. Tunajua siku hizi mnaweza kuagiza transfoma kutoka nje. Tunajua mkituacha hatuna mnunuzi mwingine, na wengi wetu tutarudi kubisha milango ya watu tukiomba nguo za kufua. Tunaogopa, Bwana Wakarima. Hatukufichi.

La mwisho. Lori lako liko nje, na mpiga picha anangoja upokee transfoma mia nne. Hizo nazo tulizizungusha kwa waya wa mota, kabla ya moto wa Riruta. Jana tulikaa hapa, sote thelathini na wawili, tukazifumua moja baada ya nyingine. Masanduku yaliyofunikwa kitambaa mbele yako ni matupu.

Chakula kipo, tunakuomba ule nasi kabla ya kuondoka. Mungu akufikishe kwako salama, awape wakubwa wako masikio, na awalinde wote watakaowasha redio zetu leo jioni kabla hamjawafikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wazungusha Waya, Kibera na Kawangware.

Imesomwa na Mercyline Nafuna, katibu
Jumamosi, 16 Novemba 1996