Tangi la Fundi Bior

Lori lilikuwa limeshaondoka. Kakuma ilibaki nyuma, mabati yake yakimetameta juani. Juu ya magunia ya vitunguu alikaa mzee mmoja mrefu, magoti yamefika karibu na kidevu, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umefunika mfuko wa shati. Mfukoni mlikuwa na karatasi. Kila lori liliporuka shimo, mzee aliigusa ile karatasi kuona kama bado iko.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Bior Majok. Fundi Bior wa Kakuma, tunayemkumbuka leo. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe tano Novemba, mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Karatasi ile ilikuwa kibali cha kutoka kambini. Kibali cha siku kumi na nne. Narudia: siku kumi na nne, na siku ya mwisho ni Jumapili tarehe kumi na nane. Mkimbizi akipitisha siku, akikamatwa njiani, ana kesi. Tena kupata kibali kingine baada ya hapo ni shida juu ya shida.

Alikuwa anaenda wapi? Lodwar. Kufanya nini? Kujifunza kuchomelea alumini.

Mtu wa miaka hamsini na saba, anaenda kujifunza. Mkewe, mama Nyadak, alimcheka. Alimwambia umechomelea vitanda vya kambi nzima, milango ya makanisa, hata geti la msikiti, sasa unataka nini tena? Bior akamwambia hayo yote ni chuma. Alumini hajawahi.

Lakini wasikilizaji, sababu ilikuwa nyingine, na sababu hiyo iliitwa Alek.

Alek ni binti yao. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na nne, na alifanya kazi Nairobi kwa mama mmoja aitwaye Mugure, ambaye huunda magari ya mashindano na huyaendesha mwenyewe. Mugure anashika usukani. Alek anakaa kando yake na ramani, anamwambia kona inakuja, shimo linakuja. Walikuwa wamelileta gari lao Lodwar kulizoesha mchanga, kwa sababu mashindano yalikuwa tarehe mosi Desemba. Jiwe likapasua tangi la petroli. Na siku mbili baadaye Mugure akaanguka na pikipiki njia ya Kalokol, akavunja kifundo cha mkono wa kulia.

Basi ikawa hivi. Mashine ya kuchomelea alumini iko, ile wanaita TIG. Mtungi wa gesi uko. Mabamba mapya ya alumini yako. Mwenye kujua kazi yuko, lakini mkono wake umo ndani ya plasta. Mafundi wa Lodwar wote ni wa chuma. Alek akasema: baba yangu ana mkono mzuri.

Tangi lile linakaa nyuma ya kiti cha Alek. Mlisikie hilo. Petroli, halafu bamba la alumini, halafu mgongo wa binti yake.

Bior alifika Lodwar jioni, kesho yake asubuhi akaanza karakanani. Mugure alimweka kwenye kiti, mguu wa kulia juu ya pedali ya kupandisha moto, mkono mmoja umeshika tochi, ile inayotoa moto, mwingine umeshika waya wa kuyeyushia. Alumini ya kujifunzia ilikuwa mbavu za mashua kuukuu kutoka Longech, kule ziwani. Akawasha. Akangoja. Akaendelea kungoja.

"Mzee, unangoja nini?" Mugure akauliza.

"Nangoja iwe nyekundu."

"Utangoja sana. Hii haibadiliki rangi. Inakaa kimya, halafu inaanguka."

Na kweli, kabla hajamaliza kusema, kipande kikadondoka chini kama uji. Bior akainua kofia ya kuchomelea, akatazama tundu lililobaki.

"Chuma inakuambia," akasema. "Hii iko kama mtu ya ofisi. Anakuangalia tu, halafu ameenda."

Alek alicheka mpaka akaketi chini. Lakini siku tatu nzima hali ilikuwa hiyo hiyo. Matundu. Mugure hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia mguu wako ni wa mtu anayekanyaga siafu. Alimwambia unalisha waya kama mtu anayelisha mamba. Bior alibadilisha kipande, akawasha tena. Siku ya nne kidimbwi kidogo cha alumini kikatulia chini ya ncha ya tochi, kinang'aa kama jicho, naye akakifuata polepole, tone, mbele, tone, mbele. Mstari wa urefu wa kidole. Mugure aliutazama, akasema tu: "Rudia."

Sasa nisikilizeni, kuna kosa moja ambalo Mugure aliniambia hajawahi kuliona mahali pengine. Alimwambia Bior, kabla ya kuchomelea, alumini iwe safi kabisa. Safi kama ya kulia chakula. Bior alilichukua neno hilo kama lilivyo. Kesho yake alibeba kipande mpaka mto Turkwel, akachuchumaa kando ya akina mama wanaosugua sufuria, akakisugua kwa mchanga. Nakiru, mama anayepika chai pale karakana, alimkuta huko.

"Ejok, mzee," akamsalimu kwa Kiturkana. "Mkeo amekufukuza, ama sasa unaosha sufuria?"

"Ejok. Nimetumwa."

Kipande kilirudi kinang'aa kama kioo. Ukijitazama, unajiona. Na kilipopigwa moto kilitema cheche, kikajaa vidoa vyeusi na matundu kama mandazi. Mugure alihangaika nusu siku, akabadilisha gesi, akabadilisha sindano ya tochi, hajui ni nini. Mpaka Nakiru, akipita na birika, akauliza kama mchanga ulikuwa mzuri. Mugure akashika kichwa kwa ule mkono mmoja uliobaki. Mchanga unaingia ndani ya alumini, wasikilizaji. Alumini ni laini. Punje zinazama humo, huzioni, na uso unang'aa. Tangu siku hiyo ilikuwa kitambaa, dawa ya kusafishia, na brashi moja ambayo haijawahi kugusa chuma. Bior aliificha brashi hiyo chini ya godoro.

Siku ya kumi, Mugure akampa mabamba mapya. Akamwambia: anza tangi.

Lodwar ina upepo, mnaujua. Na kazi hii haitaki upepo, kwa sababu upepo ukipuliza gesi inayoufunika moto, moto unabaki uchi na alumini inaharibika. Walizungushia maturubai pande zote. Ndani mlikuwa na joto la tanuru. Bior alifanya kazi alfajiri na asubuhi, mchana akalala. Ijumaa tarehe kumi na sita ilibaki kona moja, ile ya chini. Jua lilikuwa limepanda. Mugure alikuwa hospitali kuangaliwa mkono, Alek amempeleka. Bior akaona amalize.

Upepo ukainua pindo la turubai. Mara moja tu. Moto ukatema, kidimbwi kikawa cheusi.

Kazi sahihi hapo ilikuwa kusimama, kusaga mpaka uipate alumini nyeupe, kuanza upya. Alikwisha kufundishwa hivyo. Lakini Elmi, mwenye lile lori lililomleta, alikuwa anaondoka kesho yake Jumamosi. Jumapili kibali kinaisha. Bior akapiga brashi, akapitisha mstari mwingine juu ya ule mbaya. Ukatokea mzuri. Kama magamba ya samaki, yamepangwa moja juu ya lenzake.

Mugure aliporudi alijaza tangi hewa, akalipaka povu la sabuni. Hakuna hata kiputo kimoja kilichovimba. Akamwambia, "Mzee, umefaulu. Desemba nakuombea kibali kingine, uje usimame pale tunapoanzia." Alek akamkumbatia baba yake. Alek anasema jioni hiyo mzee hakugusa chakula, akasema ni joto.

Jumamosi asubuhi Bior alipanda lori. Mfuko wake ulikuwa juu, yeye juu. Elmi akaachilia breki. Walikwenda hatua kama hamsini. Halafu ngumi ikagonga paa la kabini.

"Nini, adeer?" Elmi akauliza kwa dirisha, akimwita baba mdogo kwa Kisomali.

"Nishushe."

"Adeer, leo ndio safari yangu ya mwisho wiki hii. Mimi narudi Jumatano."

"Nishushe, mwanangu."

Alirudi kwa miguu na mfuko wake. Mugure na Alek walikuwa wanafunga tangi garini. Bior hakuwasalimu. Alimuuliza binti yake: wewe unakaa wapi? Alek akaonyesha kiti. Mzee akaweka mkono wake, akapima kutoka mgongo wa kiti mpaka ile kona. Shubiri moja na nusu. Akapima tena.

"Hapa chini nimeficha kitu," akasema. "Upepo uliingia, nikaufunika."

Mugure akasema, "Lakini limeshika hewa. Nimeona mwenyewe."

"Imeshika ikiwa imekaa. Barabara itaifungua."

Kisha Alek akamwambia, baba, kibali kinaisha kesho. Nenda. Mugure atatafuta fundi.

"Fundi gani?" Bior akauliza. Naye akachukua grainda.

Walilipasua. Kwa ndani, ile kona ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele na vishimo vyeusi. Mugure alipitisha kidole gumba, akaketi juu ya gurudumu. Bamba jipya ilibidi litoke Nairobi kwa basi. Lilifika Jumanne. Jumatano alfajiri, kabla upepo haujaamka, Bior alichomelea kona ile, Alek ameshika turubai kwa mikono miwili. Mugure alikagua ndani kwa tochi ya simu. Akasema: sasa.

Jumatano hiyo, tarehe ishirini na moja, Bior akapanda lori la Elmi. Siku tatu zimepita juu ya kibali. Kwenye kizuizi askari akaisoma karatasi, akaisoma tena. Elmi alimwombea, akasema huyu ni mzee, alikuwa kazini. Askari akasema tarehe ni tarehe. Bior alilala mahabusu siku mbili, akaonywa mahakamani, akarudishwa kambini. Kibali kingine akaambiwa asahau mpaka mwaka uishe.

Kwa hiyo Bior hakuyaona mashindano. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Bior hakuyaona mashindano. Tarehe mosi Desemba alikaa nje ya nyumba na simu mkononi tangu asubuhi. Alek alipiga saa kumi na moja jioni. Akasema magari yalikuwa kumi na moja, sisi wa saba. Mama Nyadak alikuwa amekaa kando, anasikia.

"Hakuuliza ya saba ni nzuri ama mbaya," mama Nyadak aliniambia. "Yeye aliuliza tu, 'Ndani ya gari iko harufu ya petroli?' Mtoto anasema, 'Hapana, baba.' Anauliza tena, 'Hata kidogo?' Mtoto anasema, 'Hata kidogo.' Sasa ndio alikula."

Mwezi wa pili, elfu mbili na kumi na tatu, Mugure na Alek walikuja Kakuma na gari lenyewe. Watoto walilizunguka, majirani wakapiga picha. Bior alilala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya gari. Akakaa huko. Akakaa mpaka mkewe akadhani amesinzia. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alek akamwuliza, baba, unaonaje?

Akasema, "Huyu fundi amejifunza."

Bior Majok alifariki Jumatatu, tarehe tisa Septemba, elfu mbili na kumi na tatu, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kutoka studio hii ndogo ya Lodwar tunawapa pole mama Nyadak, Alek, na jamaa wote walioko Kakuma na ng'ambo ya mpaka. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, kila mtu aifikirie kazi aliyoimaliza jana, ile sehemu ya chini ambayo hakuna atakayeitazama, na nani amekaa mbele yake.

Mama Nyadak yuko Kakuma, nyumba ile ile. Elmi aliuza lori, sasa ana duka la vipuri hapa Lodwar. Nakiru bado anapika chai. Mkono wa Mugure ulipona, lakini haukunjiki vizuri, na kazi ya TIG kwenye karakana yake sasa inafanywa na Alek. Gari lilipata injini nyingine mwezi wa saba. Tangi halijabadilishwa. Bior amezikwa Kakuma. Kibali kingine hakupata.