Fundi Sogea na Bibi: Miaka Ishirini na Tisa Chini ya Boneti

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika kiwanda chetu cha mikate, Fundi Mkuu wa Umeme anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Wapo watakaolia. Dereva wetu ameshaanza, ila yeye anasisitiza kwamba ni unga umemwingia machoni.

Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine tunamjua kama Fundi Sogea, kwa kuwa ndilo neno la kwanza analomwambia yeyote anayekaribia kazi yake. Ukimsalimia, sogea. Ukimletea chai, iweke hapo, sogea. Siku mwenyekiti wa bodi alipokuja kukagua kiwanda, akainamisha kichwa chini ya boneti ili na yeye aonekane anajua, aliambiwa asogee, tena asogee na kivuli chake. Mwenyekiti alisogea.

Aliajiriwa akiwa msaidizi wa kubeba ngazi, akapanda mpaka ukuu wa idara. Tuwe wakweli: kwa matanuri hana mpinzani. Mwaka ule wa mvua kubwa, maji yalipoingia chumba cha mitambo, alizifungua swichi zote, akazikausha moja moja kwa feni aliyoichukua ofisi ya uhasibu bila kuomba, na mikate ikatoka asubuhi kama kawaida. Wahasibu walilalamikia joto wiki nzima. Sifa hiyo ni yake, na hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini wasifu huu hauwezi kusomwa bila kumtaja Bibi.

Kwa wageni waalikwa, Bibi ni gari letu la kusambazia mikate, lile jeupe mliloliona getini. Jina amelipata kwa umri. Kwa miaka mingi Bibi alikuwa na ugonjwa wa umeme usioeleweka. Ukiwasha indiketa ya kushoto, zinakonyeza zote, kushoto na kulia. Ukikanyaga breki, redio inanyamaza. Ukipiga honi, taa kubwa zinafifia. Na ukiwasha hizo taa kubwa, mshale wa mafuta unapanda wenyewe mpaka tangi linajaa. Dereva aliiamini neema hiyo mara moja tu. Gari lilimzimikia katikati ya mzunguko wa barabara, mikate nyuma, foleni ikimpigia honi, na mshale uko juu kabisa.

Tangu hapo akawa anaonyesha kona kwa mkono, jua liwake, mvua inyeshe, na ndiyo maana mkono wake mmoja ni mweusi kuliko mwenzake. Siku moja trafiki alimsimamisha, akamuuliza hasa anaelekea upande gani. Dereva akajibu kwa adabu, "Afande, mimi naenda kushoto. Bibi sijui."

Fundi Sogea alilivalia njuga suala hilo. Kwanza alisema ni betri. Stoo ikatoa betri mpya, na taa zikaendelea kukonyeza, sasa kwa nguvu zaidi. Akasema ni altaneta. Ikabadilishwa. Akasema ni fyuzi, kisha sanduku zima la fyuzi, kisha swichi ya indiketa, kisha rilei, na kila mara alisema kwa uso wa daktari bingwa kwamba sasa amelipata. Vifaa alivyovitoa vilirudi stoo vikiwa vimehukumiwa kifo. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye ndiye mtunza stoo, anavyo mpaka leo rafuni. Vyote ni vizima.

Meneja wetu, kwa upande wake, alisaini kila alicholetewa. Kwake umeme ni kitu ambacho ama kipo au hakipo, na maelezo marefu humwumiza kichwa. Mara moja alithubutu kupendekeza tumwite fundi wa nje. Fundi Sogea alikaa siku kadhaa bila kumwitikia mtu salamu, mpaka pendekezo likafa lenyewe.

Basi akawa anakuja hata Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Tulizoea kuona buti mbili zimechungulia chini ya gari na kusikia sauti kutoka huko ikisema, "Sogea, unanizibia mwanga."

Hapo ndipo linapoingia suala la mama watoto wake. Yeye ni mshonaji, na anashonea nyumbani. Juu ya cherehani yake kuna waya mbili zinazoning'inia darini, zinasubiri taa. Fundi alimwahidi taa hiyo wakati mtoto wao wa mwisho anaanza shule. Mtoto huyo sasa ana ndevu. Mama bado anashona dirishani, jua likizama anakunja kitambaa, wateja wanamnunia, na macho yake si ya zamani. Kila alipouliza, jibu lilikuwa Jumamosi. Na Jumamosi ilikuwa ya Bibi.

Mwezi huu mzee akapitisha jambo kimyakimya. Alimwomba meneja aruhusiwe kuendelea kuja kila Jumamosi hata baada ya kustaafu, bila malipo, kwa kuwa hakuna mwingine aujuaye ugonjwa wa Bibi. Meneja, ambaye hajawahi kukataa cha bure, alikubali kabla sentensi haijaisha.

Habari zikafika nyumbani. Jumatatu mama alikuja stoo, akakaa juu ya gunia, akavua kanga ya kichwani, akajipepea nayo. "Shemeji," alisema, "wenzangu wana wake wenza wenye miguu miwili. Wangu mimi ana matairi. Nimemvumilia miaka yote nikijua ipo siku mume wangu atastaafu. Sasa naambiwa anastaafu kazi, mke mwenza hamwachi?" Mtunza stoo alimpa maji.

Majibu yalitoka mahali ambapo hakuna aliyeyategemea. Wiki iliyopita Fundi alikwenda kushughulikia mafao yake, na kwa mara ya kwanza Bibi akabaki mikononi mwa mrithi wake, dada fundi wa umeme wa matanuri, ambaye kwa miaka yote amejifunza umeme wa gari hilo akiwa amesimama kando, maana kila akikaribia aliambiwa asogee. Dada hakufungua kitu. Alimuuliza dereva swali moja: ugonjwa huu ulianza lini?

Dereva hakuwaza mara mbili. Ulianza baada ya kupakwa rangi.

Wakongwe mtakumbuka. Kiwanda kilikuwa kinaadhimisha miaka yake, uongozi ukataka Bibi ang'ae mbele ya wageni, lakini fundi rangi akaonekana ni anasa. Fundi Sogea akasema atampaka mwenyewe. Akampaka kwa brashi, siku zake za mapumziko, nje na ndani, mpaka chini ya boneti ambako hakuna mgeni angechungulia. Kazi safi. Na ili asiache hata kona, alifungua ile boliti inayobana waya mweusi wa betri kwenye bodi ya gari, akapaka vizuri pale chini yake, akaacha pakauke, akapaka tena, akaifunga.

Kwa wasio mafundi: umeme ukishawasha taa, hurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, na mlango wake wa kurudia ni ile boliti. Rangi haipitishi umeme. Mlango ulipozibwa, umeme ukawa unatafuta njia ya kurudi nyumbani kupitia taa za watu wengine. Betri haikuwa na kosa. Altaneta haikuwa na kosa. Mgonjwa alilogwa na mganga wake mwenyewe, kwa mapenzi, kwa brashi.

Dada alilegeza boliti, akakwangua rangi kwa bisibisi sehemu ndogo kama kifuniko cha soda, akakaza. Dereva akawasha indiketa ya kushoto. Ikakonyeza ya kushoto, peke yake. Alishuka akazunguka gari zima kuhakikisha, kisha akarudi akaketi kwenye usukani, akaiwasha tena.

Tulibishana kama Fundi aambiwe. Dereva alitaka mzee aachwe aondoke na moyo mweupe. Dada alisema akija Jumamosi ataligusa gari tena, na atatafuta ugonjwa mpaka aupate. Mwisho tukamuuliza mama. Hakusita. "Mwambieni," alisema, "na mwambieni mbele za watu, asije akabisha."

Kwa hiyo, Fundi, umeshaambiwa. Ni rangi. Ni yako. Ukimaliza kutikisa kichwa, sikiliza na haya: katika kiwanda hiki hakuna mwingine ambaye angempaka Bibi mahali pasipoonekana, na tumekucheka leo kwa sababu kesho hatutakuwa na wa kumcheka. Tutakukosa sana. Asante kwa matanuri, asante kwa mwaka wa mvua, na asante kwa kutufundisha kukaa mbali na vitu vya hatari.

Ruhusa yako ya Jumamosi imefutwa. Zawadi yetu iko kwenye boksi hilo mezani: taa moja, swichi moja na waya wa kutosha. Aliyeichagua ni mama. Ukishaifunga, atakushonea suti, maana hiyo uliyovaa tunaijua tangu maadhimisho.

Tunakuombea siku ndefu zenye afya, chai isiyopoa na Jumamosi nyingi za nyumbani. Bibi yuko tayari getini kuwapeleka, na dereva ameapa kwamba leo mkono wake hautatoka dirishani. Kiti cha mbele kinatosha watu wawili kando ya dereva. Ukishaketi wewe, mama naye atapanda.

Fundi, sogea.