Amedeus na Rangi ya Uso wa Yosefina

Ndugu waombolezaji, mimi Gasper ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasimulie safari ya kaka yetu Amedeus Stanislaus, aliyezaliwa Idete tarehe 9 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1980 hadi 1986, akajifunza ufundi wa redio Morogoro, akafungua kibanda Ifakara mwaka 1991, na baadaye akanunua projekta, akawa anaonyesha ukutani picha za harusi za watu.

Tarehe 22 Oktoba 2005 alimuoa Yosefina wa Uchindile, wakajaliwa Nikodemu mwaka 2007 na Devota mwaka 2011, kisha shemeji akafariki Devota hajaanza kutambaa, akabaki kwenye mkanda wa harusi tu.

Ndani ya projekta mna kioo chenye ute unaopitisha au kuzuia mwanga kwa nguvu ya umeme, na joto letu la bondeni likiupata, nyuso hupauka, ndiyo maana Devota alikua akiamini mama yake alikuwa mweupe, jambo lililomuuma sana kaka, kwa kuwa shemeji alikuwa mweusi wa kung'aa. Akarekebisha umeme mpaka rangi ikakaa, akaenda na projekta kwa wakwe kifua mbele, kumbe Uchindile ni baridi, ute ukawa mzito kama uji uliopoa, ukutani bibi harusi akacheza gizani huku kivuli chake kikimfuata nyuma, mama mkwe akalia kwamba mwanawe anatembea kwenye ukungu, nasi tukamtania kaka kuwa amekuja kutisha wazee.

Hakukata tamaa, akabandika kando ya kioo kifaa kidogo kinachopima joto na kupandisha au kushusha umeme chenyewe, na Januari 2024, mchana wa jua kali, mapazia yamefungwa, Yosefina akapita ukutani taratibu na rangi yake mwenyewe, kama mtu anayerudi kutoka kisimani, na Devota akaweka mkono wake kando ya shavu la mama, rangi zikafanana, nami hadi leo sijui kama nilikuwa macho au naota.

Figo zilianza kumsumbua Agosti mwaka huo, akalazwa mara kadhaa, akatutoka tarehe 17 Julai 2025, saa nne asubuhi, Devota akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda kuja hapa. Kaka, tunakulaza pembeni ya Yosefina, na mtoto uliyemhangaikia sasa anajua amefanana na nani. Pumzika kwa amani.