Mama Elida Wilondja (1946–2004), Aliyekataa Kurukiwa Kurasa

Marehemu Mama Elida Wilondja alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Baraka, ng'ambo ya ziwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Wilondja na Mama Regina. Mama yake alikuwa akisema binti huyu alitambaa kabla ya kujua kukaa, na sisi tuliomfahamu hatubishi.

Alisoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1968 na kufundisha darasa la pili kusoma. Mwanafunzi akiruka mstari, Mwalimu Elida alimrudisha mwanzo wa ukurasa, hata kama kengele imeshalia.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Amuri, fundi wa mashua, wakajaliwa Agape na Heritier. Amuri alifariki mwaka 1988. Mwaka uliofuata presha ya macho ikamnyima marehemu nuru, akaacha kazi kwa uchungu mkubwa. Tangu hapo mdogo wake, Marsiana, ndiye aliyemsomea vitabu.

Oktoba 1996 vita viliwavusha ziwa. Yeye, Agape na Marsiana walipanda mtumbwi wa kwanza. Heritier akafuata na wa pili. Wanawake walipokelewa Bangwe, upande huu wa ziwa, na jamaa wa Amuri, lakini Heritier hakufika. Marsiana alimwambia dada yake kwamba kijana ameshukia Kalemie, bandari ya ng'ambo, na ukoo mzima ukaitikia hivyo. Basi Mama Elida hakutulia. Kila boti ilipotia nanga alishika fimbo yake akateremka ufukweni kuuliza, akarudi, akatoka tena. Chai yake ilipoa kila siku.

Mwaka 2000 Bwana Oswald wa chama cha wasioona alimletea mashine ya vitabu vya sauti, yenye vitufe vikubwa vya kupapasa, na kaseti za kuazima. Jamani, alifurahi! Alisikiliza akizungukazunguka uani, akabishana na msomaji, akamrudisha nyuma, akamkimbiza mbele. Alimaliza hata kitabu cha ufugaji wa nyuki, naye nyuki aliwaogopa kupita kiasi. "Uyu baba haruki hata nukta," alimsifu.

Ndipo ikaja kaseti ya hadithi ambayo Marsiana alimsomea zamani kule Baraka. Marsiana mwenyewe alikuwa karibu, akichambua dagaa. Yeye alipoisoma, mtoto mgonjwa wa hadithi ile alipona. Msomaji wa kaseti alimzika. Mama Elida akabonyeza kitufe, sauti ikakatika.

"Marsiana, uyu mutoto wewe ulimuponesha."

"Ndiyo, yaya," Marsiana alimjibu dada yake. "Ulikuwa umetoka kufiwa na bwana."

"Na Heritier, ulimuponesha vilevile?"

Marsiana alilia kwanza, kisha akasema yote: mtumbwi wa pili ulizama mbele ya Kagunga, wavuvi wakamwopoa kijana na kumzika kijijini kwao. Mama Elida alimfokea mdogo wake maneno ambayo hayafai kusomwa kanisani, akataka apelekwe Kagunga. Alilipapasa lile kaburi kutoka kichwani hadi miguuni. Aliporudi Bangwe hakuteremka tena kuuliza boti, lakini Marsiana alinuniwa hadi Pasaka.

Mwaka jana kisukari kilimzidi. Daktari alipoanza kuzungushazungusha maneno, alimwambia, "Baba, soma yote." Akaambiwa yote. Wiki zake za mwisho aliizima mashine, akamtaka Marsiana amsomee kwa mdomo wake, na Marsiana alisoma kila neno. Mama Elida alifariki nyumbani Bangwe, Jumatano tarehe 9 Juni 2004, asubuhi.

Ameacha binti yake Agape, mdogo wake Marsiana, na wajukuu. Ametanguliwa na mumewe Amuri, na mwanawe Heritier aliyezama Oktoba 1996. Jina la Heritier halikuwahi kusomwa mbele ya watu kwamba amekufa, wala hakuna aliyemfanyia matanga. Mama yake aliagiza lisomwe leo hapa Kagunga, tunapomlaza kando yake, na kwamba tuwalilie wote wawili.

Mungu amlaze pema, wala asimfiche neno.