Mwamba Chini ya Jiko la Mama Mkwe

Treni ilipoondoka tu, fundi baiskeli aliyekaa mbele yangu akafungua leso, akamwonyesha mpimaji wa madini aliyekaa kando yake jiwe jeupe lenye chembe za dhahabu. "Dada, mwamba wake unapita chini ya jiko la mama mkwe. Ukinipa majibu mazuri, kesho tunabomoa." Yule dada akaligeuzageuza. "Umelichukua hili kwa sababu linang'aa?" "Nimelichagua kati ya mia." "Basi umeniletea bibi harusi, ukoo umeuficha. Leta na yale mabaya, kutoka upana wote wa mwamba, ndipo nipime."

Simu ya fundi ikaita. Shingo yangu ilishafika begani kwake. "Mama, ngoja kwanza," akasema. Treni ikasimama, na sote tukasikia simuni nyundo ikigonga ukuta wa jiko, mama mkwe akiimba.